Jembe Aliloshika Mtani

Ifakara,
4 Agosti 2024

Kaka Ildefonce,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Rosemery na watoto hamjambo. Huku sisi wazima, vumbi tu ndilo linalotumaliza.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yangu unayo. Ninachotaka kukwambia hakifai kwenye simu, na kwenye kundi la ukoo ndiyo kabisa, maana shangazi Yosefina husambaza jambo kabla hajalisoma. Kwa hiyo nampa kondakta wa basi la Mlimba akushushie hapo Mbingu.

Kaka, ule ukurasa wa Feisibuku unaoitwa "Mtani Kafika", uliokuchekesha siku ya Pasaka mpaka chai ikakupalia, ni wangu. Naandika mimi, mdogo wako, mwalimu wa darasa la nne, nikishamaliza kusahihisha madaftari. Funga mdomo, inzi wataingia.

Nilianza kama mchezo. Nikajifanya mzee wa Kingoni anayetutania sisi Wapogoro. Unajua mwenyewe, mtani akikutukana unacheka, akikwambia ukweli unacheka, na ukinuna wewe ndiye huna adabu. Nikaona hapo pana upenyo. Nikaandika juu ya zahanati isiyo na dawa, watu wakacheka. Nikaandika juu ya barabara, wakacheka. Hata diwani wa kwetu Mhanila alicheka, tena akasambaza mwenyewe.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita nilivuka mto kwenda Mhanila kumwona mama. Asubuhi kulikuwa na mkutano pale ghalani, na diwani akawaambia wakulima: "Kabla mvua hazijaanza, hakuna ng'ombe wa Msukuma atakayebaki bondeni!" Vigelegele. Binamu yetu Fredy alimbeba begani. Mchana nikaenda kula kwa Luciana, mama wa mwanafunzi wangu wa zamani, kule kwenye makazi ya wafugaji. Hatujamaliza kunawa, pikipiki hiyo! Diwani yuleyule, shati lilelile. Akawaambia: "Kaeni kwa amani, malisho ni yenu, hakuna wa kuwagusa." Vigelegele tena. Mimi nimekaa mkekani na tonge mkononi, siamini masikio yangu. Uchaguzi wa vijiji unakuja, anataka watu wake wapite pande zote mbili.

Nikaandika kwa utani: "Watumwa wangu Wapogoro, diwani wenu ana midomo miwili, mmoja wa kula wali wenu, mwingine wa kunywa maziwa ya Wasukuma." Basi watu wamecheka, weee! Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli. Diwani mwenyewe ameandika chini yake: "Hahaha, Mngoni mla panya, umeniweza."

Nimechoka kuchekwa, kaka. Nataka kuandika wazi, kwa jina langu, nilichosikia na ninachofikiri. Tangu baba afariki wewe ndiye baba yangu. Naomba neno lako.

Mdogo wako,
P.


Mbingu,
9 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nyuma ya choo, kisha nikaitia kwenye moto wa maji ya kuoga. Hii nayo ifanye hivyohivyo.

Umerogwa? Wewe ni mwalimu wa serikali, mimi ni bwana shamba wa serikali. Ugali wetu unatoka chungu kimoja, na mama anakula humohumo. Juzi mkubwa wangu aliniuliza, huku anacheka, "Ildefonce, kwenu si Mhanila?" Nikamwambia ndiyo. Akasema "Ahaa," akaendelea na kazi zake. Basi tu, "ahaa" hiyo ninalala nayo na kuamka nayo.

Tena umshukuru Mungu kwamba kila mtu anaamini anayeandika ni Mngoni. Waache waamini. Ukiwa ndani ya utani hakuna wa kukugusa. Siku utakapotoka ukasema "ni mimi, Paskazia wa mzee Anselim", huna pa kujificha, na sisi wenzako hatuna.

Neno uliloniomba ni hapana. Na usinipigie simu kwa jambo hili, hata ukiwa na kiu nalo namna gani. Andika, mpe kondakta.

Wifi yako anakusalimu. Hajui kitu, na asijue.

Kaka yako,
Ildefonce


Ifakara,
1 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Nilikutii. Wiki mbili na zaidi nimeandika utani wa mapishi na harusi tu.

Lakini huko nyumbani mambo yameharibika. Ng'ombe wa Luciana waliingia kwenye bustani ya nyanya ya Fredy kule mtoni. Zamani wangeitana, wangegombana, wangelipana, yangekwisha. Safari hii Fredy alisema "mmeambiwa muondoke," akamkata ng'ombe panga. Kesho yake wafugaji wakachoma dungu lake la kulindia shamba, na baiskeli yake ndani, wakisema "tumeambiwa tukae." Wakakutana njiani. Nickolaus, mume wa Luciana, ameshonwa mkono kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo. Fredy amekimbia, mama mdogo analia tu. Kila mmoja anaapa kwamba ameahidiwa, na kweli wote wameahidiwa!

Nikashindwa kunyamaza. Niliandika hivi, bado kwa kinywa cha mtani: "Diwani, nitakuja kukalia kaburi la kwanza litakalochimbwa Mhanila kwa ugomvi huu, na jembe sitaliachia, kama nilivyolishika kwenye msiba wa mzee Anselim, mpaka useme mbele ya pande zote mbili ulichoahidi kila upande. Na safari hii jogoo asinitoroke."

Hakuna aliyecheka. Na Alhamisi wakamwita mzee Stanislaus.

Yule fundi baiskeli, kaka, mtani wetu, unamkumbuka alivyokaa kwenye ukingo wa kaburi la baba amekumbatia jembe, anatutukana, hataki tuzike mpaka akombolewe. Ofisi ya kata wanasema yeye ndiye Mtani Kafika. Kila siku ya kazi aripoti asubuhi na kukaa kwenye benchi la nje mpaka wafunge ofisi. Baiskeli za watu zimelala kwake miguu juu. Mzee Stanislaus hata simu ya kupangusa hana! Ana kitochi kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli!

Kwa nini wamemdhania yeye? Na kwa nini hakatai?

P.


Mbingu,
6 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Tulia. Wamemdhania kwa sababu ni Mngoni na ana mdomo, basi. Nani asiyemjua? Siku mbili tatu watamchoka, atarudi kwenye baiskeli zake. Utani hauna kesi. Diwani ni Mpogoro kama sisi, akimfunga mtani wake atachekwa hadi Mahenge.

Wewe futa ukurasa huo. Usiende Mhanila. Mama nimeshamwambia una homa.

Nakuomba sana, Paskazia. Sikuamrishi, nakuomba. Mkubwa wangu amenihamisha meza, sasa nakaa mbele ya mlango wake.

Ildefonce


Mhanila,
14 Septemba 2024

Kwa mtumwa wangu Paskazia,

Hujambo? Najua hujambo, Mpogoro akishashiba wali huwa hajambo. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma, maana mnatuma mkikumbushwa.

Barua hii nimeianza jana nikiwa kwenye benchi la kata. Anakuletea Digna wa samaki, ikinuka kambale usinune.

Ndiyo, najua ni wewe. Digna alinisomea ule wa jogoo kwenye simu yake, nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza nina nini. Jogoo wa kishingo, yule wa shingo tupu, wa kunikomboa siku ya msiba wa baba yako, alinitoroka jikoni kwenu. Humo tulikuwa watu watatu, mimi, mama yako, na wewe uliyefunga mlango vibaya. Mimi sijaandika. Mama yako hajui kusoma. Hebu niambie, amebaki nani?

Waliponiuliza, nilisema maneno ni yangu. Si uongo. Umesema kwa kinywa cha mtani, na mtani wenu hapa ni mimi. Tena mengine ulinitania vibaya, ningeyasema vizuri zaidi. Siku nyingine uniulize.

Unataka kujua nani amenitaja? Kaka yako. Usiruke, kaa chini. Diwani alikutana naye hapo Ifakara kwenye semina ya mbegu, akamuuliza nani huyo anayetuandika. Kaka yako akacheka, akasema, "Nani tena zaidi ya Mngoni wa baiskeli?" Diwani mwenyewe ndiye aliyenieleza, ili nijue kwamba hata marafiki zangu wamenikana. Mimi simlaumu. Ni utani, na ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo, halafu ningekimbia.

Lakini mtumwa wangu, utani una taratibu zake na wewe umezisahau. Mtani akishika jembe, wenye msiba hawakai pembeni wakimtazama. Wanakuja, wanabembeleza, wanatoa cha kutoa, jembe linarudi, maiti inazikwa. Wasipokuja, mtani anafanya nini? Anabaki kaburini kama mjinga, na maiti juani. Mimi sasa nimeyashika maneno yako na wenyewe hamji. Ijumaa wanasema watanipeleka wilayani, kesi ya mitandao. Mimi, ambaye kutuma ujumbe tu namwita Digna!

Sikufichi, nyonga inaniuma, na jana niliogopa kwelikweli. Mke wangu Mariana ameacha kunitukana. Ameanza kunipikia vizuri, na hilo ndilo limenitisha kuliko wilaya.

Usije kunionea huruma, nitakufukuza. Njoo kunikomboa. Jogoo sitaki safari hii.

Mtani wako,
Stanislaus


Ifakara,
16 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo, naitoa kwa sababu nimelelewa.

Ulijua! Nilipouliza kwa nini wamemdhania yeye, ulijua. Ukaniandikia "ni Mngoni na ana mdomo, basi." Wewe ndiye uliyempeleka kwenye benchi lile, ukarudi zako Mbingu, ukanikataza nisiende nisije nikaambiwa. Na mama ukamdanganya nina homa! Ametuma majani ya kujifukizia, nimeyaangalia nikalia.

Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi, utaona mwandiko. Halafu nikikumaliza wewe najigeukia mwenyewe, maana hata mimi naijua njia ya Mhanila na sijaenda.

Nimeshaandika, kaka. Imo kwenye simu tangu Jumamosi jioni, na jina langu juu. Naifungua, naisoma, naifunga. Jana baada ya misa nilisimama chini ya kengele nikasema sasa. Kidole kikagoma. Nikamwona mwalimu mkuu anakuja na mkewe, nikaisokomeza simu kwenye kitenge kama niliyeiba sadaka. Akanisalimu tu, maskini. Leo darasani nilikuwa nafundisha sehemu za barua, anwani, tarehe, jina la mwandishi. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, asiyeandika jina lake?" Nikamwambia akae chini. Nilimfokea bila kosa lolote.

Nikiandika, kazi yangu na yako zote ziko hatarini, na mama anatutegemea. Nisipoandika, Ijumaa mzee anapelekwa kwa maneno yangu, na huko bondeni watakatana tena. Nikifuta ukurasa ndiyo kabisa, watasema amefuta yeye. Nilidhani utani ni upenyo wa kutokea. Kumbe nilijifungia humo mwenyewe, na sasa nimemfungia na mtu mwingine.

Niambie niandike. Neno moja tu, kaka. Nitajua nina mtu nyuma yangu.

P.


Mbingu,
18 Septemba 2024

Paskazia,

Kondakta anasubiri, naandikia juu ya boneti.

Ni kweli nilimtaja. Diwani alinikazia macho, watu wanakunywa soda, nikasikia jina lako liko mlangoni mwa mdomo wangu. Nikatoa la mzee badala yake, nikacheka. Wote wakacheka. Niliona nimekuokoa. Sijala vizuri tangu siku hiyo, muulize wifi yako.

Naogopa. Nilikuwa naogopa ulipokuwa mdogo ukivuka mto kwa mtumbwi kwenda shule, na sasa naogopa vilevile. Kwa hiyo usiniombe ruhusa. Ukiniomba nitakukataza, leo, kesho na siku zote, maana ndivyo nilivyo.

Usiniulize tena.

Ildefonce


Ifakara,
19 Septemba 2024

Mzee wangu Stanislaus,

Shikamoo. Nimeituma bila kukumbushwa, uandike tarehe.

Digna anaondoka sokoni sasa hivi na kikapu chake, na kwa kuwa simu yako haifungui chochote zaidi ya salamu, nimekunakilia kwa mkono nilichokiweka leo asubuhi kwenye ukurasa. Nilikibonyeza darasani, watoto wakiwa wametoka kwenda kunywa uji, nimesimama mbele ya ubao. Ni hiki:

"Mimi ni Paskazia Anselim, mzaliwa wa Mhanila, Mpogoro, mwalimu. Ukurasa huu nimeuandika mimi peke yangu tangu siku ya kwanza. Mzee Stanislaus hajaandika hata neno moja. Leo sitanii, na ninaomba mtu asicheke.

"Siku moja mwezi wa saba nilimsikia diwani wetu asubuhi akiwaahidi wakulima kwamba wafugaji wataondolewa. Siku hiyohiyo mchana nilimsikia akiwaahidi wafugaji kwamba hawataguswa. Nilikuwepo kote kuwili. Sina ushahidi mwingine zaidi ya masikio yangu na watu waliokuwa pale, ambao wananisoma sasa.

"Na ninachofikiri ni hiki. Fredy ni binamu yangu, na nyanya zake zililiwa kweli. Nickolaus ni mume wa rafiki yangu, na mkono wake umekatwa kweli. Wanaweza kukaa na kugawana maji na njia ya ng'ombe, walishafanya hivyo miaka ya nyuma bila kiongozi yeyote. Anayetaka kura zetu kwa kutugombanisha asizipate, wala yeye wala watu wake anaowaandaa kwa uchaguzi wa vijiji. Mimi sitawapa. Nasema haya nikiwa na woga mwingi, na jina langu ni hilo hapo juu."

Basi. Mzee, kwa muda mrefu hakuna aliyeandika chochote. Nilidhani bando limekatika. Watoto wamerudi, nimefundisha kugawanya, nimechungulia tena. Halafu Luciana akaandika neno moja, "Nilikuwepo." Nikakaa kwenye kiti. Baadaye kidogo, huwezi kuamini, shangazi Yosefina: "Na mimi asubuhi nilikuwepo pale ghalani, na safari hii nimesoma kwanza."

Wengine wamenitukana, sikuelezi. Mwalimu mkuu ameniita ofisini, hakunifokea, alifunga dirisha akaniambia ameshapigiwa simu. Jumatano ijayo natakiwa ofisi ya kata Mhanila. Kazi sijui. Naogopa kama jana, tena zaidi kidogo.

Nimekuja kulikomboa jembe, mzee. Samahani nimekuacha juani.

Paskazia Anselim


Mhanila,
24 Septemba 2024

Kwa mtumwa wangu Paskazia Anselim,

Sasa una jina refu, utataka tukusalimie kwa kupiga magoti. Husalimiwi.

Ijumaa hawakunipeleka popote. Mtendaji wa kata alinikuta kwenye benchi asubuhi, akajikuna kichwa, akasema, "Mzee, nenda." Nikamwambia siendi mpaka nikombolewe. Akasema umeshakombolewa, nenda, tafadhali! Nikaenda. Mariana amerudi kunitukana, nyumba imekuwa nyumba. Jembe lenu nimeliachia. Watu hapa wamegawanyika, wengine hawanipi tena salamu nikufikishie, wengine wanaleta baiskeli nzima nizikague ili tu waniulize habari zako.

Kesho ni zamu yako, kwa hiyo nikufundishe. Benchi lile mguu wake wa kushoto umelegea, ukikaa vibaya utadondoka mbele ya ofisi nzima. Kaa kulia, karibu na mlango, hapo kivuli kinakaa hadi saa sita. Beba maji. Usikubali soda yao.

Jambo moja zaidi. Leo mchana nilirudi pale kuchukua kofia yangu niliyoisahau. Nimemkuta kaka yako. Ametoka Mbingu na basi la kwanza, hakumuaga mkubwa wake. Amemwambia mtendaji kwamba mimi sikuwa na kosa, yeye ndiye aliyenitaja kwa uongo kumficha mdogo wake, na kwamba hatoki hapo mpaka wewe ufike. Mtendaji akamwambia ni kesho. Akasema atasubiri. Anatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa, lakini hatoki. Nilimwita aje alale kwangu, amekataa.

Amekaa upande wa kushoto. Sijamwambia.

Mtani wako,
Stanislaus